Sabufa Iliyohamia kwa Jirani

Jumamosi moja nilikuwa nimejikunja nyuma ya kabati la televisheni, nyaya zimenizunguka kama wavu, na mpwa wangu ameketi kochini na rimoti akinisomea namba. Mtambo wa sauti nilioununua ulikuja na kimaikrofoni cha plastiki kisichozidi kizibo cha chupa. Unakiweka pale kichwa chako kitakapokuwa ukitazama filamu, unabonyeza kitufe, kila spika inapiga mluzi kwa zamu yake, kisha kioo kinakuandikia ipi iko umbali gani. Spika ya kushoto, mita 2.7. Ya kulia, 2.9. Ya katikati, 2.5. Nilikuwa na tepu ya seremala mfukoni nikawa nahakiki. Namba zilikaa vizuri, tofauti haikuzidi upana wa vidole viwili.

"Haya, na sabufa?"

Akanyamaza kidogo. "Mjomba, sabufa inasema mita 6.4."

Sebule yetu ina urefu wa mita nne na nusu.

"Soma tena."

"Sita nukta nne. Mjomba, si itakuwa iko kwa jirani hiyo?"

Sabufa yenyewe ilikuwa hapo hapo, kati ya dirisha na feni, na kwa tepu ilikuwa mita 2.8 kutoka kochini. Tukarudia mluzi mara ya pili, tukazima feni tukarudia ya tatu. 6.4. Nilishika rimoti niifute ile namba niandike yangu, kama wanavyofanya watu wengi, na bahati nzuri chakula kikaiva kabla sijabonyeza. Kwa sababu mtambo ule haukuwa umekosea. Ulikuwa unatumia tepu ambayo mimi nilikuwa sijaielewa.

Tepu yenyewe ni saa. Aliyekulia sehemu zenye mvua kubwa anaijua kanuni yake: radi ikimulika anza kuhesabu, na kila sekunde tatu kabla ya ngurumo ni kilomita moja. Katika hewa yenye joto la nyuzi 20 sauti hukimbia mita 343 kwa sekunde. Gawanya hiyo kwa elfu na utaona kwamba ndani ya milisekunde moja sauti inasogea sentimita 34, yaani futi moja na ushei. Mwanga katika muda huo huo unakwenda karibu kilomita 300, ndiyo maana anayetaka kupima chumba kwa mwanga lazima awe na vifaa vya bei mbaya. Sauti ni mzee anayetembea na mkongojo, na ni uzee wake huo unaotufaa. Kadi ya sauti ya kawaida kabisa, ile iliyomo ndani ya kompyuta ya mapajani, huchukua sampuli 48,000 za sauti kila sekunde. Kati ya sampuli moja na inayofuata sauti imesogea milimita saba. Seremala anayekata mbao kwa usahihi huo hatapata kazi ya kabati, lakini ya kupanga viti ataipata.

Kuna kasoro moja ya kutaja mapema. Joto likipanda, sauti inaongeza mwendo, karibu nusu mita na kidogo kwa sekunde kwa kila nyuzi moja. Chumba cha nyuzi 30 kinaipa sauti mita 349 kwa sekunde badala ya 343. Kwa spika iliyo mita tano tofauti hiyo ni karibu sentimita tisa. Mtambo usiojua joto la chumba unapima na tepu iliyovutika, nayo huvutika zaidi kiyoyozi kikizimwa.

Kazi ya kutafuta kitu kwa sauti na saa haikuanzia sebuleni. Ilikomaa kwenye matope ya Ubelgiji, na mtu wake mkuu alikuwa luteni wa miaka 25 aliyeitwa William Lawrence Bragg, mzaliwa wa Adelaide, Australia. Mwaka 1915 ulimjia na mambo mawili yasiyokaa pamoja: mdogo wake Robert aliuawa Gallipoli, na wiki chache baadaye Lawrence na baba yake wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi yao ya fuwele na miale ya eksirei. Habari za tuzo zilimkuta vitani. Jeshi la Uingereza lilikuwa limempa kazi ya kujifunza kwa Wafaransa mbinu mpya ya kugundua mizinga ya Wajerumani isiyoonekana, iliyofichwa nyuma ya vilima na misitu.

Mbinu ilikuwa hivi. Unatandaza maikrofoni kadhaa nyuma ya mstari wa mbele, umbali wa kutosha kati ya moja na nyingine, na nyaya zake zote unazileta kwenye chombo kimoja kinachochora mistari juu ya filamu. Mzinga ukilia, mlio unafika kwenye kila maikrofoni kwa wakati wake. Hujui mzinga ulilia saa ngapi, maana adui hakuarifu. Unachojua ni tofauti tu: maikrofoni ya pili imesikia baada ya ya kwanza kwa muda fulani. Lakini tofauti inatosha. Kama maikrofoni mbili zimesikia kwa pamoja, mzinga uko mahali fulani kwenye mstari unaopita katikati yao. Kama moja imetangulia, mstari unapinda kuielekea, ukawa ule mchirizi ambao vitabu vya hisabati huuita haipabola. Jozi nyingine ya maikrofoni inakupa mchirizi mwingine, na pale inapokutana ndipo pa kuelekeza mizinga yako.

Kwenye karatasi hayo ni mazuri. Uwanjani yaligoma. Kombora la mzinga mkubwa hukimbia kuliko sauti, kwa hiyo hutangulia na mpasuko wake mkali, na maikrofoni za wakati ule, za aina ya simu, zilikuwa zinasikia mpasuko huo vizuri sana na mlio wenyewe wa mzinga kwa shida. Mpasuko haufai kitu: unatoka angani, njiani mwa kombora, si mdomoni mwa mzinga. Mlio wa mzinga ni mzito mno, uko chini ya vile sikio linavyosikia vizuri, ni msukumo wa hewa zaidi ya kelele.

Ufumbuzi aliupata chooni, na mwenyewe hakuona haya kusimulia. Nyumba aliyolala ilikuwa na choo kidogo kisicho na dirisha, mlango ukifungwa hewa haina pa kupita isipokuwa tundu unalokalia. Mzinga wa Waingereza uliokuwa karibu ulipofyatuliwa, Bragg akajisikia ananyanyuliwa kidogo kutoka kwenye kiti. Sikio lilikuwa halijasikia kitu kikubwa, lakini makalio yalisikia. Kumbe nguvu ipo, ila ipo kwenye mtikisiko wa polepole. Msaidizi wake, William Tucker, naye aliona jambo lake: mzinga ukilia, upepo mwembamba wa baridi ulimpuliza kupitia tundu za ukuta wa kibanda alicholala. Tucker akachukua waya mwembamba wa platinamu, akautia umeme ukapata moto, akautandaza kwenye tundu la chombo. Mpasuko wa kombora ulipita bila kuutikisa. Mlio wa mzinga ulisukuma hewa tunduni, waya ukapoa, umeme ukabadilika, mstari kwenye filamu ukaruka. Hiyo ilikuwa mwaka 1916. Ilipofika Novemba 1917, kwenye mapigano ya Cambrai, Waingereza walifungua mizinga yao alfajiri bila kurusha kwanza makombora ya kujaribia shabaha, kwa kuwa mizinga mingi ya upande wa pili walikuwa wameshaiweka kwenye ramani.

Nimekaa muda mrefu kwa Bragg kwa sababu karibu kila kinachousumbua mtambo wa nyumbani kwangu kilimsumbua yeye kwanza. Sauti isiyo yenyewe ikitangulia au ikipiga kelele kuliko yenyewe. Joto na upepo: Waingereza walikuwa na vituo nyuma ya mstari vya kulipua baruti mahali panapojulikana, ili kujua siku hiyo sauti inakwendaje. Na saa. Aliweza kulinganisha nyakati kwa kuwa nyaya zote ziliishia kwenye filamu moja. Tutaona nini hutokea nyaya zisipokuwepo.

Tofauti yetu na yeye ni kwamba sisi ndio tunaofyatua. Spika hailii kwa kushtukiza, tunaichagulia mlio. Na hapo swali linageuka: mlio gani?

Mtu angefikiri kupiga mlio mmoja mfupi, "ti", na kusubiri ufike. Shida ni kwamba mlio mfupi hubeba nguvu kidogo, na chumba kina feni, friji na watu. Mlio mrefu wa noti moja una nguvu ya kutosha, lakini una ugonjwa mbaya zaidi, na ili kuueleza nitaenda kwa fundi cherehani. Fundi anaposhona gauni la kitenge na anataka maua ya mgongoni yakutane na ya kifuani, huchukua kipande kimoja akakilaza juu ya kingine, akakisogeza polepole, mpaka ua likae juu ya ua. Kama kitambaa kina picha moja kubwa isiyojirudia, kuna mahali pamoja tu pa kukutana, naye akipafika anajua. Kama kitambaa ni cha mistari, kila akisogeza hatua moja mistari inakutana tena. Hawezi kujua amesogeza hatua tatu au kumi.

Noti moja ndefu ni kitambaa cha mistari. Kompyuta inafanya kazi ile ile ya fundi: inachukua mlio uliotumwa kwenye spika, inaulaza juu ya ule uliorekodiwa na maikrofoni, inausogeza sampuli moja moja, na kila hatua inazidisha na kujumlisha kuona vimefanana kiasi gani. Pale jumla inaporuka juu kama mnazi katikati ya mashamba ya mpunga, ndipo mlio umefika. Kwa hiyo tunataka kitenge chenye picha isiyojirudia. Kelele ya mchanganyiko kama ya redio isiyokamata stesheni inafaa, ikiwa imeandikwa na kuhifadhiwa. Mluzi unaopanda kutoka besi nzito hadi wembamba wa mbu unafaa pia, na ndio huo uliolia sebuleni. Angelo Farina wa Chuo Kikuu cha Parma, Italia, alionyesha mwaka 2000 kwamba mluzi ukipanda kwa namna maalumu, ukitumia muda sawa kwa kila oktava, una faida ya ziada: mikwaruzo ambayo spika yenyewe inaiongeza hujitenga kando badala ya kuchafua kipimo. Ndiyo maana siku hizi mitambo mingi hupiga mluzi, si mshindo wala kelele.

Kuna ujanja mmoja zaidi. Chumba hakitendi haki kwa sauti zote. Kinazipa besi nguvu kwenye pembe, kinameza sauti nyembamba kwenye mapazia na makochi, na spika nayo ina upendeleo wake. Sauti chache zenye nguvu zikitawala, ule mnazi unageuka kichuguu kipana, na kilele chake hukijui. Charles Knapp na Clifford Carter waliandika mwaka 1976 njia ya kusawazisha: kabla ya kulinganisha, kila sauti, nene na nyembamba, inapunguzwa au kuongezwa mpaka zote ziwe na uzito mmoja, kisha kinachobaki ni muda wake tu. Ni kama baraza ambalo tajiri na maskini wana kura moja moja. Kilele kinachongoka. Njia hiyo haijazeeka.

Sasa tuseme tumepata picha safi. Haitakuwa na kilele kimoja. Itakuwa na kimoja, kisha vingine vingi, maana sauti iliyotoka kwenye spika haikuja kochini tu. Imegonga ukuta, dari, sakafu ya marumaru, kioo cha dirisha, na kila mwangwi umefika kwa wakati wake. Asiyejua angechagua kilele kirefu kuliko vyote. Mara nyingi atapatia. Lakini mweke mtu mnene mbele ya spika, au mgongo wa kochi, na sauti iliyokuja moja kwa moja itadhoofika huku ile iliyopitia ukutani ikifika na nguvu zake zote. Hapo mrefu ni mwongo. Wa kweli ni wa kwanza, hata akiwa mfupi, kwa kuwa hakuna njia fupi kuliko iliyonyooka. Programu nzuri kwa hiyo hairukii kilele kikubwa. Inakitazama, kisha inarudi nyuma kidogo kidogo ikiuliza kama kuna kadogo kalikotangulia kabla ya kimya. Kiasi gani cha udogo ukihesabu na kipi ukiite uchafu, hapo pana hukumu ya fundi, na sijaona hesabu iliyoimaliza.

Kwa miaka mingi mwangwi ulihesabiwa kuwa takataka. Mwaka 2013 Ivan Dokmanić na wenzake wa Lausanne, Uswisi, waligeuza jambo hilo. Mwangwi wa ukutani unaonekana kana kwamba umetoka kwenye spika nyingine iliyosimama nyuma ya ukuta, umbali ule ule, kama sura yako inavyosimama ndani ya kioo. Ukijua ilipo spika halisi na ukatafuta zilipo hizo spika za mzimu, kila ukuta uko katikati, baina ya spika na mzimu wake. Kwa maikrofoni chache na mlio mmoja wakatoa umbo la chumba, na wakajaribu mbinu hiyo hadi katika kanisa kuu la Lausanne. Kipofu anayegonga fimbo ukumbini huenda angewauliza mbona wamechelewa.

Turudi kwa saa, ambako sabufa yangu inatungoja.

Mtambo unaposema "mlio umefika baada ya milisekunde nane", baada ya nini? Baada ya kutumwa. Lakini kati ya kutumwa na kutoka kwenye spika kuna safari: kompyuta hukusanya sampuli kwenye foleni kabla ya kuzipeleka, kikuza sauti kinazichakata, na kama spika ni ya bluutuuthi inazikunja, inazirusha, na kuzikunjua upande wa pili. Safari hiyo ya bluutuuthi peke yake inaweza kula milisekunde 100 hadi 200. Zidisha kwa mwendo wa sauti, utaambiwa spika iliyo mezani kwako iko mita kati ya 34 na 68, ng'ambo ya barabara, karibu na kwa muuza chipsi. Dawa ya mafundi ni waya mmoja unaotoka kwenye tundu la kutolea sauti na kurudi kwenye tundu la kuingizia, bila kupita hewani. Unapima ucheleweshaji wa mtambo wenyewe, unauondoa, kinachobaki ni hewa.

Sabufa haiondoleki kirahisi hivyo. Ina mtambo wake ndani, na mtambo huo una kichujio kinachozuia sauti zote isipokuwa nzito. Kichujio cha namna hiyo lazima kichelewe. Chukua mtu ukamuulize kama ngoma inayopigwa ni ya polepole. Hawezi kujibu baada ya pigo la kwanza, lazima asubiri la pili. Mtikisiko wa mara 40 kwa sekunde huchukua milisekunde 25 kumaliza mzunguko mmoja. Kichujio kinasubiri, mlio unatoka umechelewa. Tofauti ya mita 6.4 na 2.8 ni milisekunde 10 na ushei, kiasi cha kawaida kabisa. Kwa hiyo kile kioo hakikuwa kinaniambia sabufa iko wapi. Kilikuwa kinaniambia sauti yake inafika lini, kisha kwa heshima au kwa uzembe wa aliyeandika menyu, kikaiita mita.

Na kwa kazi yake, lini ndiyo inayofaa. Mtambo unaziamuru spika nyingine zingoje milisekunde hizo kumi ili kishindo cha ngoma na mlio wa ngozi yake vifike kochini pamoja. Ningeandika 2.8 yangu ya tepu, ningeviachanisha. Sikuandika.

Jambo hilo la nani afike kwanza lina uzito kuliko tunavyodhani. Helmut Haas, katika tasnifu yake ya Göttingen ya mwaka 1949, alionyesha kwamba sauti moja ikitoka kwenye spika mbili, sikio huamini kuwa imetoka kwenye ile iliyotangulia kufika, hata kama ya pili ina nguvu zaidi kidogo, alimradi haijachelewa mno. Fundi mitambo wa mikutano ya hadhara anaishi kwa kanuni hiyo. Akiweka spika za ziada mita 34 kutoka jukwaani, kwa watu wa nyuma, umeme unazifikia papo hapo lakini sauti ya jukwaani inahitaji milisekunde 100. Asipozichelewesha, watu wa nyuma wanasikia kila neno mara mbili, na wanamsikia mgombea akiwahutubia kutoka kwenye mwembe ulio pembeni yao. Akizichelewesha milisekunde 100 na nyingine kumi au zaidi, sauti inarudi mdomoni kwa mwenyewe. Mafundi wengi hukadiria kwa hatua za miguu na sikio. Inafanya kazi.

Mpaka hapa, hata hivyo, hatujajua spika iko wapi. Mita 2.7 ni umbali. Haisemi kushoto wala kulia, juu wala chini. Spika inaweza kuwa popote juu ya tufe la hewa linalokizunguka kile kimaikrofoni. Mtambo wangu haujui spika ya kushoto iko kushoto. Unaniamini mimi kwamba nimechomeka waya sahihi.

Maikrofoni mbili zinaleta mwelekeo, kama masikio mawili, lakini nazo haziwezi kutofautisha mbele na nyuma. Mtu gizani hugeuza kichwa ili kujua. Bundi yule mwenye uso wa umbo la moyo, ambaye bibi zetu walimfukuza juu ya paa kwa kuhofia mkosi, ana tundu la sikio moja limekaa juu kuliko la jingine, na kwa upotofu huo anapata pia juu na chini, akamkamata panya kwenye giza totoro kwa mchakacho tu. Kampuni ya Trinnov ya Ufaransa hutumia maikrofoni nne zilizowekwa kwenye pembe za piramidi ndogo. Mlio wa spika unazifikia zote nne ndani ya kufumba na kufumbua, muda wa safari unatoa umbali, na tofauti ndogo za nyakati zinatoa upande na urefu. Ndogo kweli kweli: maikrofoni zikiwa sentimita kumi baina ya moja na nyingine, tofauti kubwa kabisa ni sampuli 14. Kosa la sampuli moja tu kwa spika iliyo mbele linapindisha jibu nyuzi nne, kwa hiyo programu haina budi kusoma kati ya sampuli na sampuli, kwa kuchora mpindo juu ya kilele na kukisia ncha yake ilipo.

Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi, nayo inaanzia kwenye neno. Kiswahili chetu kimeita kwa jina moja, kipaza sauti, kile anachoshika mhubiri na kile kinachofungwa juu ya mnara. Nilikuwa nalalamika kwamba neno hilo halitofautishi, mpaka nilipofungua spika. Ndani mna koili, sumaku na ngozi ya karatasi. Ndani ya maikrofoni ya jukwaani mna koili, sumaku na ngozi nyembamba. Ukikipa kifaa kama hicho umeme kinatoa sauti, ukikipa sauti kinatoa umeme. Mwaka 1966, studio za Abbey Road, mafundi walirekodi gitaa la besi la Paul McCartney kwa kutumia spika badala ya maikrofoni. Na spika za kisasa za kuongea nazo huja na maikrofoni ndani yake tayari. Kila moja inaweza kupiga mlio na kila moja inaweza kusikiliza nyingine.

Hapo saa inaleta matata upya, kwa kuwa kila moja ina yake na haziendi sawa. Watafiti wa Microsoft huko Beijing walilitatua hilo mwaka 2007 kwa simu mbili za mkononi, na utatuzi wao ni mwepesi mpaka unaudhi. Simu A inapiga mlio, kisha simu B inapiga wake. Kila simu inarekodi milio yote miwili, pamoja na mlio wake yenyewe, na inahesabu sampuli zilizopita baina ya mlio wa kwanza na wa pili. A ilisikia wake mara moja na wa B kwa kuchelewa, kwa hiyo pengo lake ni refu. B ilisikia wa A kwa kuchelewa na wake mara moja, kwa hiyo pengo lake ni fupi. Toa fupi kwenye refu, unapata umbali wa kwenda na kurudi. Hakuna aliyeuliza saa ngapi. Kosa lilikuwa sentimita moja mbili.

Ukishakuwa na umbali baina ya kila spika na mwenzake, ramani ipo. Mtu akikupa umbali wa moja kwa moja wa Mombasa na Nairobi, Nairobi na Kisumu, Kisumu na Mombasa, na hivyo hivyo kwa miji kumi, unaweza kukaa na bikari na kuichora nchi bila kuwahi kuiona. Hesabu yake iliwekwa sawa mwaka 1952 na Warren Torgerson, mwanasaikolojia, ambaye hakuwa na haja na spika. Alitaka kuchora jinsi watu wanavyoona vitu kuwa vinafanana au kutofautiana. Na ukiwa na maikrofoni nne na spika sita usizojua hata moja ilipo, bado unaweza: umbali 24 umepimwa, na vitu visivyojulikana, ukishaacha kujali chumba kimeelekea wapi, ni 24 vilevile. Hakuna ziada ya hata kimoja, kwa hiyo kipimo kimoja kikiharibika yote yanayumba, na wanaofanya kazi hiyo huongeza spika au huhamisha maikrofoni wapate akiba.

Ila ramani ya umbali haina kaskazini. Unaweza kuizungusha utakavyo na kila umbali utabaki ulivyo. Unaweza hata kuipindua kama karatasi iliyogeuzwa, Mombasa ikawa magharibi, na bikari haitapinga. Kwa hiyo mtambo unaojipima wenyewe, baada ya mluzi wote, baada ya sampuli elfu kadhaa kulazwa na kusogezwa, baada ya kujua spika zake zote kwa sentimita, unafika mahali unasimama na kumuuliza mtoto aliyeshika rimoti: tafadhali, nigusie ile ya kushoto.